Marathoni ya kwanza ukiwa Mtwara: joto, msimu wa korosho na zile kilomita 12 za mwisho

Karani wa Ghala (mleta uzi)

Habari zenu wakuu wa Mtwara, Lindi na kwingineko.

Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, napokea ujumbe mwingi kutoka kwa watu wa huku kwetu wanaotaka kukimbia kilomita 42. Karibu wote wanauliza swali lile lile: "Dada, nianze na kasi gani?" Nimeona nijibu mara moja na kwa urefu, maana kasi ndiyo iliyoniangusha.

Mimi ni karani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara mjini, mama wa watoto wawili, umri miaka 39. Shuleni sikuwa mwanamichezo. Nimekwenda Moshi mara mbili kukimbia Kilimanjaro Marathon. Mwaka 2024 niliishia kilomita ya 29. Mwaka 2025 nilimaliza kwa saa 5 na dakika 21. Haya ninayoandika ni mambo niliyojifunza katikati ya siku hizo mbili.

Kwanza tuwekane sawa. Huku kwetu mbio yoyote yenye fulana na namba kifuani tunaiita marathoni, hata ikiwa ya kilomita 5. Sina ugomvi na hilo, watu wanatoka nyumbani na afya inapatikana. Ila marathoni yenyewe ni kilomita 42 na mita 195, na aliyemaliza 21 asidhani amebakiza nusu ya kazi. Nusu ya kazi inaanzia kilomita ya 30. Misuli na ini vina akiba ya wanga, na kwa wengi wetu akiba hiyo inakaribia kwisha hapo hapo karibu na kilomita ya 30. Ikiisha, mwili unategemea mafuta, na mafuta hayatoi nguvu kwa haraka. Miguu inakataa hata kama moyo unataka.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka ule wa kwanza nilifanya mazoezi kuanzia Desemba hadi Februari, siku sita kwa wiki, kila siku kwa nguvu zote. Natoka Shangani hadi uwanja wa Nangwanda Sijaona na kurudi, macho kwenye saa, leo lazima niishinde jana. Mbio ndefu kuliko zote niliyofanya ilikuwa kilomita 21, tena mara moja tu. Pale Moshi nusu ya kwanza inapita barabara kuu, karibu tambarare, nikafika kilomita 21 kwa saa 2 na dakika 12. Nikajiona nimeiva. Kisha njia ikaanza kupanda upande wa Mweka, migomba huku na huku, watoto wanapiga makofi, jua limeshapanda. Kwenye kilomita ya 27 nikasikia baridi. Juani, katikati ya watu wanaotota jasho, malaika ya mikono yangu yamesimama. Nikajishika shingo: kavu, inakwaruza kwa chumvi kama ng'onda. Kilomita ya 29 nilijaribu kumtaja mwanangu wa pili na jina halikuja. Nikaketi kwenye jiwe. Mama mmoja wa pale alinimwagia ndoo nzima ya maji kichwani, akanifunika kanga iliyoloa, akakaa nami hadi gari la huduma lilipofika. Sijui jina lake. Namwombea mpaka leo.

Kutoka Moshi hadi Mtwara kwa basi, kupitia Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nilipata muda wa kutosha wa kufikiri.

Jambo la kwanza nililobadilisha ni mwendo. Kwa miezi minane iliyofuata, mbio zangu nyingi zilikuwa za polepole mpaka majirani waliuliza kama naumwa. Kilomita moja kwa dakika 7 na nusu, wakati mwingine 8. Kipimo changu nimekitoa kazini: pale kwenye mzani karani anataja uzito kwa sauti ili mkulima asikie. Basi nikiwa nakimbia nataja, "Gunia la kwanza themanini na moja, la pili sabini na tisa na nusu, la tatu themanini na mbili." Nikiweza kutaja matatu bila kuvuta pumzi katikati ya neno, mwendo ni sawa. Nikikatika kwenye la pili, napunguza. Haijalishi saa inasema nini.

Sababu zake ziko wazi. Mwendo wa polepole unaufundisha mwili kutumia mafuta na kuitunza akiba ya wanga. Moyo unapata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa midogo ndani ya misuli inaongezeka. Halafu kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi: pumzi hukomaa mapema, kano na mifupa huchelewa. Baada ya wiki sita unajisikia mwepesi, unaongeza kasi, na hapo ndipo ugoko unaanza kuuma kwa sababu mfupa bado haujazoea. Ukienda polepole unaupa mfupa muda wake.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa nazungumza na watu wa kusini hasa. Mipango ya mazoezi iliyoko mtandaoni imeandikwa na watu ambao hawajui msimu wa korosho. Mbio za Moshi ni mwishoni mwa Februari. Ukihesabu wiki 16 kurudi nyuma unaangukia mwanzoni mwa Novemba, yaani katikati ya minada, joto linaanza kukolea, na mvua ziko njiani. Mimi mwezi huo naingia ghalani saa moja asubuhi na kutoka usiku, nimesimama kutwa. Kusimama kwa muda wa saa kumi na moja nako ni mzigo kwa miguu, mwili hautofautishi.

Kwa hiyo nilianza Juni. Juni hadi Septemba huku ni kipupwe, asubuhi kuna baridi nzuri, barabara kavu, mikorosho inachanua. Huo ndio wakati wetu wa kujenga msingi. Nilianza na kilomita 5, siku tatu kwa wiki, halafu Jumapili mbio ndefu ambayo niliiongeza kilomita moja au mbili, na kila wiki ya nne naipunguza ili mwili upumzike. Hadi mwisho wa Septemba Jumapili yangu ilikuwa kilomita 18. Oktoba na Novemba sikuongeza kitu: mbio mbili fupi katikati ya wiki, Jumapili 14 au 16, basi. Nilikuwa na wasiwasi kwamba narudi nyuma. Sikurudi. Msimu ulipopungua Desemba nikaendelea kutoka pale pale: 18, 20, 22, nikashuka 16, kisha 24, 26, nikashuka 20, kisha 28, na tarehe 2 Februari nikamaliza 30. Wiki tatu za mwisho nilipunguza: 20, halafu 12, halafu safari. Wiki iliyokuwa nzito kuliko zote nilifikisha kilomita 55 tu.

Kwenye kupunguza huko watu wengi hukosea. Wanaona siku inakaribia, hofu inawapanda, wanakimbia 35 wiki moja kabla. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayakusaidii chochote siku ya mbio, yanakuchosha tu.

Sasa joto. Nilitoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Novemba na Desemba jua la Mtwara linachomoza kabla ya saa kumi na mbili, na ukichelewa hadi saa moja na nusu umeshashindwa. Njia yangu ya Jumapili ni kwenda Mikindani na kurudi, kilomita 20 na kidogo ukianzia mjini. Binamu yangu wa bodaboda alikuwa ananifuata mpaka kupambazuke, kwa usalama wangu, kisha anakwenda kuacha chupa mbili za maji kwenye genge la bibi mmoja karibu na Boma, lile jengo la kale la Mikindani, zimefungwa kwa kipande cha gunia kilicholoa. Gunia likiloa na upepo wa bahari ukipita, maji yanabaki baridi hadi nifike. Ukitaka vilima, panda nyuma ya Boma. Bila vilima usiende Moshi.

Siku moja ya Desemba niliomba ruhusa nikatumia mzani wa ghala. Kabla ya kutoka nilisimama juu yake nimevaa kanga kavu: kilo 63.4. Nikakimbia kilomita 18 kwa saa 2 na dakika 20, nikanywa nusu lita njiani. Nikarudi, nikajifuta, nikavaa kanga ile ile: kilo 61.3. Kilo 2.1 zimekwenda, ongeza nusu lita niliyokunywa, jumla ni kama lita 2.6 za jasho. Zaidi ya lita moja kwa saa! Mwaka uliotangulia Moshi nilikuwa nakunywa funda moja moja kwa sababu sikutaka kupoteza muda kwenye meza za maji.

Lakini msikimbilie upande wa pili. Si lazima urudishe jasho lote, na ukinywa maji matupu mengi kupita kiasi kwa saa nne au tano, chumvi kwenye damu inashuka, na hilo linaweza kuua mtu. Ukirudi una uzito kuliko uliotoka nao, umekunywa kupita kiasi. Mimi nilikuwa nakunywa kama nusu lita kwa saa, siku ya joto kali zaidi kidogo, na si maji matupu. Mchanganyiko ni ule tunaowapa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Rahisi na unafanya kazi.

Chakula njiani: tende. Ndogo tano au sita kwa saa, naanza dakika ya 40 kabla sijasikia njaa, kwa sababu ukisubiri njaa umechelewa. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa kwenye mbio ndefu. Nilijaribu korosho, nikidhani chakula chetu kitanifaa. Hapana. Korosho ina mafuta mengi, inakaa tumboni kama jiwe. Kula baada ya mbio. Siku tatu kabla ya mbio niliongeza wali, viazi vitamu, muhogo na uji, nikapunguza kunde na mbaazi ili tumbo litulie. Na chochote unachotaka kula siku ya mbio, kijaribu Jumapili mara nne au tano kwanza.

Raba: zangu ni za mtumba. Nilikunja soli kwa mikono kuona kama bado ina ugumu, nikatazama kisigino kama kimelika upande mmoja, nikachukua zilizozidi nusu saizi maana miguu inavimba. Nilikimbia nazo miezi mitatu kabla ya Moshi. Usivae mpya siku ya mbio. Mafuta ya mgando paka kwapani, mapajani na mahali popote nguo inaposugua.

Mwaka 2025 nilipita kilomita 21 kwa saa 2 na dakika 36, nyuma ya watu wengi sana. Kwenye mpando wa Mweka nilitembea dakika moja kila baada ya dakika nane, kwa makusudi. Nilipopita lile jiwe nilikuwa nataja magunia, na jina la mwanangu lilikuwepo.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana wa Chuno

Dada, asante sana. Mimi nina miaka 24, nacheza mpira, kilomita 10 nakimbia kwa dakika 48. Kweli na mimi niende kwa dakika 7 na nusu? Naona kama nitapoteza kasi niliyonayo.

Karani wa Ghala

Mdogo wangu, hiyo 7 na nusu ni yangu. Yako itakuwa nyingine, labda 6 hadi 6 na nusu. Kipimo ni kile kile: ongea. Na siku moja kwa wiki kimbia kwa nguvu ukitaka, mguu wa mpira unahitaji. Lakini siku hiyo iwe moja, nyingine zote uzungumze.

Tazama Simbu kule Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42 zote, na dhahabu inaamuliwa kwenye mita za mwisho ndani ya uwanja. Angekuwa ametumia kila kitu kilomita ya 25, zile mita angezipata wapi?

Mstaafu wa Newala

Mwanangu karani, nimesoma yote, umeandika vizuri. Nina jambo moja la kukupinga. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki kule Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, goti likaumia vibaya, akaendelea hadi mwisho wakati watu wengi wameshaondoka uwanjani. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Nchi nzima inamkumbuka yeye kuliko walioshinda. Wewe uliketi kwenye jiwe. Sikulaumu, lakini vijana wanaokusoma wasije wakadhani kukaa ni jambo la kawaida. Kumaliza ni sehemu ya mbio.

Karani wa Ghala

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kunikumbusha Akhwari, nimekua nikisimuliwa habari zake na baba.

Naomba nijibu kwa heshima. Goti linapouma mtu anajua liko wapi, na akili yake inafanya kazi. Mimi mwili wangu ulikuwa umeshindwa kujipoza. Baridi juani, jasho limekatika, kusahau jina la mtoto niliyemzaa. Hizo ni dalili za joto kuingia hadi kwenye ubongo, na mtu akiendelea anaweza kupoteza fahamu na kufa. Yule mama aliyenimwagia maji ndiye aliyefanya kitu sahihi siku ile: mpoze kwanza, hapo hapo, mengine baadaye. Kwa hiyo nawaambia vijana: maumivu ya misuli, uchovu, kukata tamaa, hayo vumilia. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, au kusikia baridi kwenye jua, simama na uite mtu. Sioni aibu kwa jiwe lile. Aibu niliyonayo ni ya ile miezi mitatu ya kujiandaa vibaya kabla yake.

Mstaafu wa Newala

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Hiyo tofauti sikuifikiria. Mimi wakati Juma Ikangaa anashinda New York mwaka 1989, saa 2:08:01, nilikuwa bado kazini, tulishangilia kama tumeshinda sote. Na mwaka uliotangulia kule Boston alikosa kwa sekunde moja tu mbele ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo na akaendelea kurudi. Nadhani hilo la kurudi ndilo ulilofanya wewe.

Binti Mikindani

Dada yangu, mimi naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, Ramadhani. Mwaka 2027 mwezi unatarajiwa kuandama takriban tarehe 8 Februari, kwa hiyo mbio za mwisho wa Februari zitaangukia ndani ya mfungo. Unashaurije? La pili, mavazi. Mimi navaa hijabu na nyumbani hawataki nionekane barabarani na suruali ya kubana.

Karani wa Ghala

La Ramadhani nimeliwaza sana, na mimi mwaka huo siendi Moshi. Kilomita 42 bila maji kwenye joto la Februari siwezi kumshauri mtu. Masuala ya ruhusa ya msafiri muulize shehe wako, mimi nazungumzia mwili tu. Niliyopanga ni kutumia mwezi ule kudumisha: kilomita 5 au 6 polepole, nusu saa kabla ya magharibi, ili nikimaliza adhana inakaribia na maji yapo. Au baada ya tarawehe ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Halafu maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, si lita mbili kwa mkupuo. Kisha nitatafuta mbio nyingine baadaye, wakati wa kipupwe. Kalenda ya mbio Tanzania sasa ni ndefu, huna haja ya kung'ang'ania tarehe moja.

Mavazi: mimi pia najisitiri. Suruali pana ya kitambaa chepesi cha michezo, fulana ya mikono mirefu inayofika chini ya nyonga, na mtandio mwepesi ninaoubana kwa ndani, usio wa pamba kwa sababu pamba ikinywa jasho inakuwa nzito na inachubua shingo. Rangi nyeupe au ya maji ya bahari, nyeusi inavuta jua. Na sidiria ya michezo iliyobana vizuri ni muhimu kuliko raba, msione haya kuulizana.

Wakati wa kwanza kwanza majirani walisema. Mama yangu ndiye aliyewanyamazisha, alianza kuamka nami saa kumi kupika uji. Nadhani ukipata mtu mmoja nyumbani anayekuelewa, inatosha.

Mkazi wa Ng'apa

Sisi wa Lindi tusaidieni. Ghuba chini, vilima nyuma. Nikitoka nyumbani kila upande ni mlima au bahari. Hiyo polepole ya kuongea kwenye kilima haiwezekani.

Karani wa Ghala

Kaka, wewe ndiye mwenye bahati kuliko sisi wote! Kwenye kilima punguza hatua, ziwe fupi kama unapanda ngazi, na ukishindwa kuongea tembea. Kutembea kilimani ni mazoezi pia. Angalia zaidi wakati wa kushuka, huko ndiko mapaja yanakoumia. Usijiachie, usikanyage kwa kisigino. Mimi Moshi nilizidiwa wakati wa kushuka kutoka Mweka kuliko kupanda, kwa sababu vilima vya nyuma ya Boma ni vifupi. Ukifanya mazoezi ya kushuka pale Lindi utatupita wote.

Mama Swaumu

Mimi huu ni mwezi wa tatu tangu nianze, nachoka kupita kiasi. Kilomita 4 tu moyo unadunda kama ngoma, na ninakwenda polepole hiyo hiyo. Nalala vizuri, nakula. Ni umri? Nina 42.

Karani wa Ghala

Dada yangu, kabla ya kulaumu umri nenda kituo cha afya ukapime wingi wa damu. Mimi mwaka 2024 baada ya Moshi nilipimwa nikakutwa na 9.8, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Nilikuwa nakimbia na damu pungufu bila kujua, hedhi zangu ni nzito na nilikuwa nakunywa chai pamoja na kila mlo. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Nilipewa vidonge, nikahamisha chai mbali na chakula, nikaongeza dagaa, maini, na mboga za majani na limau. Ilichukua karibu miezi mitatu. Na waambie wapime malaria pia. Mtu mwenye homa asikimbie hata kilomita moja, na baada ya dozi kwisha subiri nguvu zirudi, kisha anza na kutembea.

Ukipata majibu rudi hapa utuambie, tafadhali.

Kijana wa Chuno

Nimejaribu leo asubuhi. Nimetoka hadi njia ya Naliendele, kilomita 9, nikawa namsimulia rafiki yangu mechi nzima ya juzi. Nilikuwa natamani kukimbia kila dakika. Nimemaliza na sijachoka, ndio mara ya kwanza kumaliza hivyo. Swali: malori. Kule barabara ya Mikindani yanapita kwa kasi sana na gizani hayatuoni.

Karani wa Ghala

Umefanya vizuri sana mdogo wangu.

Malori: kimbia upande wa kulia, uyaone yanakuja, na ukiona mwanga wa mawili yanapishana shuka kwenye vumbi kabisa, usibishane. Vaa ile koti ya kung'aa ya bodaboda, na taa ndogo kichwani. Msimu wa korosho malori yanaongezeka na madereva wamechoka, kwa hiyo Oktoba hadi Desemba mimi nasubiri kupambazuke ndipo nivuke kwenda barabara kuu. Dakika za giza nazimalizia mitaa ya Shangani na Ligula, nazunguka hapo hapo. Mtwara kuchele, ndipo tunatoka mjini.

Mama Swaumu

Nimerudi. Nimepima, 10.1. Malaria hakuna. Nimepewa vidonge vya mwezi mmoja kisha nirudi. Dada karani, Mungu akuweke. Daktari amesema naweza kutembea haraka nusu saa kila siku, kukimbia nisubiri kwanza.

Karani wa Ghala

Alhamdulillahi umejua mapema. Tembea. Mwili utakumbuka hizo nusu saa.

Binti Mikindani

Je, tunaweza kukutana? Mimi peke yangu alfajiri siwezi, nyumbani hawatakubali. Tukiwa wanawake wawili watatu watakubali.

Karani wa Ghala

Jumapili hii, lango la Nangwanda Sijaona, saa kumi na moja kamili alfajiri. Kilomita 8 kwa watakaokimbia, na Mama Swaumu atatembea 3 na mama yangu, ambaye ameshasema anakuja. Tunazunguka mjini hadi kupambazuke, halafu ufukwe wa Shangani. Wanaume mnakaribishwa, Kijana wa Chuno utakaa nyuma ya kundi na taa. Mwendo ni wa kutaja magunia. Nitabeba tende na lita tano za maji ya chumvi na sukari, kila mtu aje na chupa yake.

Kijana wa Chuno

Nipo. Taa ninayo.

Binti Mikindani

Nimemwonyesha mama huu uzi. Ameuliza mama yako anapika uji wa nini.

Karani wa Ghala

Ulezi na mchele, nazi kidogo mwishoni. Mwambie aje naye, watatembea pamoja.